CHETI CHA URAIA SI MWISHO WA SAFARI

Mwezi wa Julai mwaka 2023, katika mji wa Kilifi, Rais William Ruto wa Kenya aliwakabidhi ndugu zetu Wapemba wanaoishi katika mwambao wa nchi ile hati za kuwatambua kuwa ni raia. Kwa watu hao, wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 7,000, wengi wao wakiwa wavuvi na watoto wa wavuvi, siku ile ilikuwa sawa na Idi. Sisi wa visiwani tuliipokea habari hiyo kwa furaha kubwa, kwa kuwa waliopewa haki yao si watu baki. Ni wajomba zetu na shangazi zetu, ni watoto wa baba zetu wadogo. Misiba yao huombewa dua katika misikiti yetu, na harusi zao hungojewa mpaka karafuu ziuzwe.

Lakini vigelegele vina muda wake. Sasa ngoma zimenyamaza na mahema yamekunjwa. Iliyobaki ni kazi, na kazi yenyewe haifanywi jukwaani, hufanywa katika foleni mbele ya dirisha la karani. Kwa hiyo leo tunapenda kuuliza swali moja, na tunawauliza wananchi wa visiwani pamoja na watumishi wa serikali wa pande zote mbili za mpaka: Aliyekwisha kupata cheti cha uraia afanye nini baadaye, na sisi tuliobaki huku tumsaidie vipi?

Walikotoka

Kabla ya kujibu, hapana budi tukumbushane jambo hili lilikoanzia. Wazee wetu walivuka mkondo wa Pemba tangu miaka ya 1930 kufuata samaki. Walikwenda dago. Msimu ukiwa mwema walivuka na nyavu, mishipi na madema yao, wakapiga kambi ufukweni, na msimu ukigeuka wakarejea. Wapo waliorejea, na wapo waliooa huko, wakazaa, wakachimba visima na kujenga misikiti. Vanga, Shimoni, Watamu na Mayungu zote zina makaburi ya watu wetu. Wengine walifuata katika miaka ya 1960 na baadaye.

Aliyetoka Wete kwenda Vanga mwaka 1940 hakuhisi kwamba ametoka katika dola moja na kuingia nyingine. Mwambao ule wa maili kumi ulihesabiwa kuwa ni wa Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza ndio waliouendesha. Mapatano ya Oktoba 1963 ndiyo yaliyoutia ndani ya Kenya, miezi miwili tu kabla ya uhuru wa nchi hiyo. Mvuvi aliyekuwa baharini siku ile hakupata habari, na hata aliporudi pwani hakuna aliyemwambia kwamba sasa atahitaji karatasi.

Huku kwetu nako sheria haikuwakumbatia wote. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 humtambua kwa kurithi mtoto aliyezaliwa nje na mzazi aliye raia. Lakini mzazi ambaye naye ni raia kwa kurithi tu hawezi kumrithisha mwanawe aliyezaliwa nje. Basi mjukuu aliyezaliwa Vanga, na babake kazaliwa Vanga, akajikuta si wa huku wala si wa kule. Kenya nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2011, iliwafungulia mlango watu wasio na nchi waliokuwa wakiishi humo tangu tarehe 12 Disemba 1963, lakini muda uliowekwa ukamalizika mwaka 2019 wengi wakiwa bado nje. Ndugu zetu Wamakonde walitangulia kupita. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai haki yao, wakaipata. Zamu ya Wapemba ikaja baadaye.

Sanduku la nahodha

Tulipata bahati ya kukaa barazani kwa nahodha mmoja mzee, katika kijiji cha wavuvi upande wa kusini wa mwambao wa Kenya. Jina lake tunalihifadhi. Tulipomwamkia aliitikia, akaingia ndani, akatoka na sanduku la mti. Chini ya vikoi, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi wa mshipi, kilikuwamo cheti.

"Hiki hapa, wanangu," alisema. "Miaka sitini nimekingoja. Mimi sasa nimemaliza."

Tukamuuliza chombo chake kimeandikwa jina la nani. Mzee akanyamaza kwa muda, kisha akatueleza. Chombo alikinunua kwa jasho lake, lakini kwa kuwa hakuwa na kitambulisho, leseni na karatasi zote aliziandika kwa jina la jirani yake. Jirani alikuwa mtu mwaminifu, hakumdhulumu hata senti moja. Lakini jirani amekufa, na watoto wake wameliona jina la baba yao juu ya karatasi. Sasa wanasema chombo ni mirathi.

Tukamuuliza habari ya mkewe. Mkewe ni mtu wa Wete, amemwoa kwa ndoa ya halali miaka zaidi ya ishirini, lakini cheti cha ndoa hawanacho. Watoto wanne wamezaliwa nyumbani, na hakuna aliyeandikwa. Tukamuuliza mara ya mwisho kuja Pemba ilikuwa lini.

"Mama alipokufa," akajibu. "Nilivuka usiku kama mwizi kwenda kumzika mama yangu, na usiku wa pili nikarudi. Hata khitima sikuikaa."

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba mzee huyu hajamaliza, bali kazi yake ndiyo kwanza inaanza. Cheti kile ni ufunguo, na ufunguo uliofungiwa sandukuni haufungui mlango wowote. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika zama hizi, kuwapo ni kuandikwa.

Jina la kweli kwanza

Hatua ya kwanza ni kujisafisha jina. Ni jambo zito na tunalisema kwa upole. Kwa miaka mingi baadhi ya ndugu zetu waliishi kwa majina ya kuazima, wakajiita wa makabila mengine ili watoto wapate skuli na wao wapate riziki. Wapo waliotumia vitambulisho vya watu wengine. Hatuwalaumu, kwani shida haina adabu. Lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 17, inaruhusu uraia wa kuandikishwa ufutwe ikiwa ulipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la maana. Mtu mwenye majina mawili katika daftari mbili anajenga juu ya mchanga. Na aende mapema, pamoja na mzee wa kijiji na mtu ajuaye sheria, aseme ukweli wake na kuomba jina lirekebishwe. Na serikali ya Kenya, iliyoonesha ukarimu katika jambo kubwa, tunaiomba isikose huruma katika hili dogo. Anayekuja mwenyewe kusema kweli asipokewe kama mhalifu.

Jina likishanyooka, kinachofuata ni kitambulisho cha taifa kwa kila aliyetimiza miaka 18. Bila ya hicho hakuna namba ya kodi, hakuna akaunti ya benki, hakuna laini ya simu kwa jina lako mwenyewe, wala huwezi kutuma na kupokea fedha kwa simu. Mvuvi asiye na simu kwa jina lake humuuzia tajiri mmoja tu, tena kwa bei ya tajiri.

Baada ya hapo ni chombo. Kila aliyeficha mali yake nyuma ya jina la mwenzake airejeshe kwa maandishi, mwenye jina akiwa hai na mashahidi wakiwa hai. Sisi tuliopitia chuoni tunajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani si ya vita wala ya ndoa. Ni ile inayoamrisha watu waandikiane madeni na kuweka mashahidi. Tena tulifundishwa kwamba mirathi haigawiwi kabla ya madeni kulipwa na amana kurejeshwa kwa wenyewe. Watoto wa jirani wa nahodha yule nao ni Waislamu, na hoja hii wanaijua. Lililokosekana ni karatasi ya kuipa nguvu.

Watoto na mke

Kuhusu watoto, sheria imeweka mstari ambao kila mzazi anapaswa kuujua. Kwa kifungu cha 14 cha Katiba hiyo, mtoto ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au nje ya Kenya. Maana yake ni kwamba mtoto anayezaliwa leo na mzazi aliyekwisha kuandikishwa ni raia kamili tangu pumzi yake ya kwanza. Tena kifungu hicho hakibagui baba na mama. Lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya mzazi kuandikishwa haingii kwa mlango huo. Yeye sharti aandikishwe kwa haki yake. Mzazi asidhani kwamba cheti chake kimewafunika wote waliomo nyumbani. Na awahesabu watoto wake mmoja mmoja, kila mmoja na cheti chake cha kuzaliwa, kila mmoja na hati yake.

Kuhusu mke au mume aliye raia wa nchi nyingine, kama vile mwanamke wa Pemba aliyeolewa Vanga, kifungu cha 15 kinasema kwamba aliyekaa katika ndoa na raia kwa muda usiopungua miaka saba ana haki ya kuandikishwa akiomba. Kabla ya hapo anaweza kuombewa kibali cha kuishi kama mtegemezi wa mumewe. Lakini yote hayo yana sharti moja: ndoa ithibitishwe. Ndoa ya Kiislamu inatambuliwa katika sheria za Kenya, na mahakama za kadhi zimo ndani ya Katiba yake. Kisichotambuliwa ni maneno matupu. Na katika hesabu ya miaka hiyo saba, tunazishauri afisi zinazohusika ziwaeleze waombaji kwa maandishi jinsi miaka iliyotangulia cheti inavyohesabiwa. Mwanamke aliyekaa miaka ishirini na mume asiye na nchi hakukaa kwa hiari ya sheria. Ni sheria iliyokuwa imechelewa.

Hapa tuwaonye pia jamaa wa visiwani. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Raia wa Tanzania anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake huupoteza huu wa kwetu. Basi bibi huyo wa Wete, kabla ya kutia saini, ajue anachokiacha na anachokipata, na uamuzi uwe wake mwenyewe, si wa mume wala wa wakwe. Wala pasiwe na jamaa wa Pemba atakayemwazima binamu yake kitambulisho cha Mzanzibari ili avuke. Hisani ya namna hiyo huwafunga wawili.

Pasipoti

Sasa tuje kwenye kile kitabu kidogo ambacho nahodha wetu alituuliza cha nini, maana yeye ana chombo. Kifungu cha 12 cha Katiba ya Kenya kinasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti, wala haiwezi kuzuiwa ila kwa mujibu wa sheria. Haki hiyo ni ya raia wa kuandikishwa kama ilivyo ya raia wa kuzaliwa. Tangu mwaka 2017 Kenya hutoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, na ya mtu mzima hudumu miaka 10. Maombi hufanywa kwa mtandao, kisha mwombaji hufika mwenyewe kutoa alama za vidole. Hutakiwa kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, mtu wa kumdhamini anayemfahamu, na kwa aliyeandikishwa, cheti chake cha uraia. Pasipoti ya mtoto hutaka pia idhini ya wazazi. Asiyejua mtandao asimpe dalali cheti chake cha asili. Aende na kijana wa nyumbani anayejua kusoma, na nakala azitie saini mwenyewe.

Ipo sababu ya kulisisitiza jambo hili. Kitambulisho pekee kinamvusha Mkenya kwenda Uganda na Rwanda, lakini hakimvushi kuja kwetu. Mwenye pasipoti haombi visa, na kwa mujibu wa Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, hupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita bila ya malipo. Mtoto aliyevuka usiku kumzika mama yake sasa anaweza kuvuka mchana, akapiga hodi afisini, akagongewa mhuri, akaikaa khitima mpaka mwisho.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Pasipoti ya mtu si leseni ya chombo. Raia wa Kenya anayekuja Pemba kuwaona jamaa ni mgeni wetu mpendwa, lakini akishusha nyavu katika maji ya Pemba anahitaji leseni ya uvuvi kama mvuvi mwingine yeyote wa nje. Akitaka kufanya kazi, anahitaji kibali cha kazi. Udugu hauondoi sheria, na anayeuvunja utaratibu mmoja huwachafulia jina wote waliobaki.

Uraia si kuchukua tu. Raia mpya ajiandikishe kupiga kura, alipe kodi, aingie katika vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, asimame katika mikutano aseme. Kugombea ubunge au udiwani wa kaunti atangoje, kwani Katiba inataka mtu awe raia kwa miaka 10. Lakini miaka 10 ni michache kwa aliyengoja sitini.

Kwa watumishi wa serikali

Tumesema na wananchi, sasa tuseme na wenye mihuri. Tulipoachana na nahodha yule alituomba jambo moja, tumtafutie kumbukumbu ya ndoa yake kisiwani. Tukadhani ni kazi ya asubuhi moja. Katika afisi ya kwanza tuliambiwa turudi na barua ya sheha. Tuliporudi na barua tukaambiwa mwenye ufunguo wa kabati yumo safarini. Mara ya tatu kabati likafunguliwa, na daftari la mwaka ule mchwa walikuwa wamelitangulia. Mara ya nne, kwa msaada wa kadhi mmoja mwenye subira, wazee wawili walioishuhudia ndoa ile walikuja wakatoa ushahidi, na karatasi ikaandikwa. Mmoja wa wazee hao alikuja akiwa ameshikwa mkono, kwani macho yake yamekwisha. Tukajiuliza, lau tungekuja mwaka mmoja baadaye ingekuwaje?

Afisi hiyo hatuitaji, wala nia yetu si kumshitaki karani. Karani mwenyewe amerithi kabati bovu. Lakini tunasema wazi kwamba kabati bovu laweza kumnyang'anya mtoto wa Vanga haki aliyopewa na rais wa nchi yake. Masheha waelezwe kwamba barua ya kuthibitisha ukoo si fadhila; ni kazi yao. Madaftari ya zamani ya vizazi na ndoa yaliyobaki kisiwani yanakiliwe kabla ya mchwa na mvua kuyamaliza. Na pawepo siku maalum Wete na Chake Chake kwa wanaotafuta kumbukumbu za jamaa walioko ng'ambo, wazee mashahidi wapokewe mwanzo wa foleni.

Wala tusidhani kwamba ucheleweshaji ni ugonjwa wa nchi moja. Hapa Tanzania, mwaka 2010, serikali iliwaidhinisha kuwa raia watu wapatao 162,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokimbia Burundi mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Lilikuwa tendo kubwa ambalo nchi chache duniani zimelifanya. Lakini vyeti vilicheleweshwa, na ni mwishoni mwa mwaka 2014 tu vilipoanza kugawiwa. Kwa miaka minne watu hao walikuwa raia katika hotuba na wageni mbele ya dirisha. Funzo lake ni kwamba uamuzi wa wakubwa haujatimia mpaka umfikie mdogo mkononi.

Wenzetu wa Kenya nao tunawaomba, kwa heshima ya ujirani, wasingoje wavuvi waje mijini. Mvuvi anayeacha bahari siku tatu kufuata afisi ameacha chakula cha watoto siku tatu. Maofisa na wafuate maji yanakokupwa, waandikishe vijijini, wawasikilize wanawake hasa, kwa kuwa mwanamume huonekana mnadani na bandarini, na mkewe husahauliwa nyumbani.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Karatasi ya ndoa tumeipeleka. Nahodha aliishika kwa mikono miwili, akamwita mkewe aje aione, kisha akalifungua sanduku. Tulidhani anataka kuitia ndani. Kumbe alikitoa cheti cha uraia, akaziweka karatasi mbili pamoja ndani ya mfuko ule ule wa nailoni, na mfuko akautia mfukoni mwa shati. Habari ya chombo imefikishwa kwa kadhi, na mjane wa jirani amekubali kusema anachokijua. Pasipoti ameiomba, na bado anaingoja.

Ametuahidi kwamba akiipata atavuka mchana, atateremka Wete bandarini, na kituo chake cha kwanza kitakuwa kaburini kwa mama yake. Tunawaomba wote wenye mihuri, huku na kule, wasimcheleweshe. Mzee huyu ameshangoja vya kutosha.